Sakafu Iliyozibwa kwa Rangi

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kwaya, mmeimba mpaka madirisha yametikisika, sasa mtupishe kidogo. Leo nina kisa cha helikopta. Aa, naona watoto wameinua vichwa! Na nyie wazee msinikunjie uso, helikopta yenyewe haianguki. Kisa nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akatoka hapa akasema mchungaji kamsema.

Kulikuwa na fundi mmoja wa huku kwetu kusini. Kazi yake ilikuwa baharini, mbali kabisa, mahali ambapo ukitazama huku na huku huoni nchi kavu. Huko kuna mtambo wa kuvuta gesi kutoka chini ya bahari, umesimama kwa miguu ya chuma. Mtambo huo hauna watu. Hakuna anayelala pale, hakuna jiko, hakuna mlinzi. Unajiendesha wenyewe, na mafundi wanapelekwa kwa helikopta mara mojamoja, wakimaliza kazi wanarudi makwao. Juu kabisa ya mtambo ndipo ilipo sakafu ya kutua hiyo helikopta.

Sasa hebu fikirieni. Helikopta imebeba mafuta. Itue vibaya, tangi lipasuke, mafuta yamwagike, cheche moja tu, na watu wamo ndani wamefungwa mikanda. Uwanjani kwetu mjini ungeona zimamoto wanakimbia na mipira ya maji. Kule nani atakimbia? Anayetua wa kwanza hana wa kumpokea. Ndiyo maana wataalamu wakatengeneza sakafu ya aina yake. Ni ya aluminiamu, imetobolewa matundu madogomadogo kila mahali, kama chujio la chai. Mafuta yakimwagika hayasimami. Yanapita kwenye matundu yanashuka chini, na huko chini moto unakosa hewa, unakufa. Pembeni kuna mabomba ya povu, yanafunguka yenyewe kumalizia kazi. Lakini yanayoanza ni hayo matundu. Sakafu ile inaokoa watu kwa sababu haikai na kilichomwagwa juu yake.

Mnanifuata? Haya, twende.

Fundi wetu alikabidhiwa sakafu ile aitunze, na jamani, aliipenda. Kila safari alifagia kinyesi cha ndege wa baharini, akasugua, akapiga magoti na brashi yake akapaka rangi upya lile duara kubwa, na ile H nyeupe ya katikati ambayo rubani anailenga. Rangi ikipauka kidogo tu, anapaka. Haijapauka, anapaka. Alikuwa anasema, "Mgeni akitoka huko juu aone kwamba anatarajiwa." Marubani wakamsifu: "Fundi, alama yako tunaiona tungali mbali!" Basi siku hiyo akirudi nyumbani hanyamazi. Mkewe alishachoka kusikia habari za hiyo H.

Mkewe alikuwa anamwita Baba Otilia. Otilia ndiye mtoto wao wa kwanza, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha nyumba ile. Otilia aliondoka kwa ugomvi. Aliacha chuo cha ualimu akaenda kuishi na kijana ambaye baba yake hakutaka hata kumsikia. Siku ya kuondoka walirushiana maneno mlangoni, baba na binti, majirani wakajaa barazani kwao kusikiliza. Ikapita miaka. Hakuna simu, hakuna salamu. Lakini jina halikuondoka naye. Mzee akiitwa mezani anaitwa kwa jina la Otilia. Akiamkiwa sokoni, "Shikamoo, Baba Otilia." Lilimchoma kila siku jina lile, na ungejaribu kumwita jingine angekasirika.

Sasa asubuhi moja fundi anafunga begi lake la safari. Mkewe alikuwa anaumwa, anangoja kupasuliwa tumbo. Akamwita kutoka kitandani.

"Baba Otilia. Mtoto anakuja Jumamosi."

Fundi akaacha zipu ya begi nusu. "Mtoto gani?"

"Unaye mwingine unayeitwa kwa jina lake? Shangazi yake amempa habari kwamba naumwa. Anakuja na mwanawe."

Fundi akaifunga zipu mpaka mwisho. Kisha akasema yale ambayo wababa wengi wa kwetu wangesema, na mimi simshangai. "Aje na wazee. Alipoondoka aliondoka kwa kiburi, akirudi aje na watu wa kumsemea. Asimame hapo mlangoni, aombe msamaha mbele yao. Kisha ataingia."

"Hana wazee wa kuja nao. Yule kijana alishamwacha siku nyingi. Anakuja yeye na mtoto mgongoni basi." Mama wa watu akajiinua kidogo, akamtazama mumewe. "Baba Otilia, nakusihi. Ukimchoma mara ya pili, mtoto huyu hatumwoni tena. Hata siku ya kunizika mimi hatakuja."

Fundi alibeba begi na makopo yake ya rangi akaenda zake. Njia nzima, wapendwa, wakati bahari inapita chini ya miguu yake, yeye alikuwa anapanga hotuba. Atakaa kwenye kiti cha barazani. Otilia atasimama. Yeye ataanza kwa kumkumbusha alichosema siku ile, jambo moja baada ya jingine, mpaka yote yaishe. Aliipanga vizuri sana. Hivi ni nani humu ndani hajawahi kupanga hotuba ya namna hiyo bafuni?

Wakatua. Safari ile walikuwa wawili tu, fundi na rubani, maana fundi alitakiwa kuiweka sakafu tayari kwa kundi la mafundi wa pampu ambao wangeletwa kesho yake. Rubani alikuwa mtu mzima, mcheshi, mpenda chai. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Upepo ukampiga kikumbo, chai yote ikamwagika chini, katikati ya ile H.

Rubani akabaki anaitazama.

"Fundi," akaita, "njoo uone maajabu. Chai yangu imegoma kushuka."

Fundi akaja anacheka. Akainama. Chai ilikuwa imetulia pale juu ya rangi nyeupe, inatoa mvuke. Akaacha kucheka. Akachukua ndoo ya maji akamwaga pembeni ya sakafu, maji yakazama mara moja, hata huyaoni yalipopita. Akamwaga ndoo nyingine katikati. Yale yalisimama. Yalitapakaa kote kwenye duara yakang'aa, na mawingu yakaonekana humo.

"Umeipaka mara ngapi hii?" rubani akauliza.

"Kila nikija," fundi akasema, kwa fahari, kama alivyozoea kusema. Kisha akajisikia mwenyewe alivyosema. Akapiga magoti akapapasa. Mahali ambapo kidole kilitakiwa kukwaruzwa na matundu, kilikuwa kinateleza. Rangi juu ya rangi, upendo juu ya upendo, amejaza tundu baada ya tundu. Na palipoziba ndipo palepale kila helikopta inapokaa.

"Nimeyaziba," akasema. "Mungu wangu, nimeyaziba kwa mkono wangu mwenyewe. Na mmekuwa mnatua hapa na watoto wa watu."

Rubani hakuwa mtu wa kufoka. Alimshika bega. "Ulikuwa unatupamba, fundi. Tunajua. Lakini watu wa kesho siwaleti hapa mpaka haya matundu yafunguke."

Basi wakaingia kazini. Fundi alitoboa kwa drili mpaka betri ikaisha. Ikabaki nyundo na msumari. Tundu moja, anagonga, ganda la rangi linadondoka. La pili, anagonga. Rubani alinung'unika kidogo, maana rubani naye ni bwana mkubwa, kisha akavua koti akapiga magoti upande wa pili. Jua liliwachoma migongo. Watu wawili wakipiga magoti muda mrefu hivyo, mazungumzo lazima yatakuja.

"Una watoto, fundi?"

"Ninaye binti. Anakuja Jumamosi." Na kwa kuwa kifua kilikuwa kimejaa, akaendelea. "Alinitukana. Alisimama mlangoni kwangu, amevaa gauni la kijani nililomnunulia mimi, akasema, 'Baba, unayajali mabati yako ya baharini kuliko watu wa nyumba hii.' Akasema, 'Hata mama hakupendi, anakuogopa tu.' Akasema, 'Ukizeeka usinitafute.' Halafu akamgeukia jirani aliyekuwa anachungulia, akamwambia, 'Sikia vizuri, usije ukakosea kusimulia.'"

Rubani akacheka kidogo kwa hilo la mwisho, kisha akaona mwenzake hacheki. "Eh! Umeyashika yote hayo?"

"Neno kwa neno."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Fundi akafungua mdomo.

Alilikumbuka gauni, alimkumbuka jirani, alikumbuka hata harufu ya maharage yaliyokuwa yanaungua jikoni. Alichosema yeye mwenyewe hakukikumbuka. Alibaki na nyundo hewani, anautafuta mdomo wake katika siku ile na hauoni. Rubani alimtazama mara moja, akarudi kwenye msumari wake, akamwacha.

Walipomaliza, fundi akamwaga ndoo katikati ya H. Maji yakapita yote. Ila sakafu ilikuwa inatia huruma, rangi imebanduka vipandevipande, ile alama nzuri imekuwa na mapele.

"Imekuwa mbaya," fundi akasema.

"Sasa nitatua," rubani akasema, akaenda kuwasha helikopta.

Fundi akarudi nyumbani. Hakunawa hata mikono. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha mkewe.

"Mama Otilia, siku ile mimi nilimwambia nini yule mtoto?"

Mkewe akamtazama. "Hukumbuki?"

"Sikumbuki. Naapa sikumbuki."

"Ulimwambia, 'Ukivuka hicho kizingiti, mimi nimeshakuzika, na matanga nimeshamaliza kukaa.'" Akavuta pumzi. "Ndipo na yeye akasema yake. Wewe ndiye uliyeanza, Baba Otilia."

Wapendwa, mzee yule alilia. Alilia waziwazi, hakuona haya. Mkewe, mgonjwa, ndiye aliyemshika kichwa akamtuliza. Ile hotuba yote aliyoipanga angani, akaiacha hapohapo.

Jumamosi ikafika. Pikipiki ikasimama getini. Fundi hakukaa kwenye kiti cha barazani, alikuwa amesimama tu uani, hajui mikono yake aiweke wapi. Otilia akashuka. Amekonda. Mtoto yuko mgongoni amelala. Akapiga hatua mbili ndani ya geti akasimama, na wale majirani, mnawajua majirani, walikuwa wameshatoka.

"Shikamoo," akasema, bila kutaja baba. "Sikuja kwako. Nimekuja kumwona mama. Nikimwona naondoka, wala sitakusumbua tena. Si ulishanizika? Maiti haina shida na mtu."

Yesu! Mbele ya majirani! Lile neno lilitua juu ya yule mzee, likamuunguza kweli. Msidhani hakulisikia. Siku nyingine angelishika, angelihifadhi pamoja na mengine, angelijibu kwa kubwa kuliko lile. Alihisi jibu linapanda kooni. Akaliacha neno la mwanawe lipite, lishuke, liende lilikokwenda.

"Marahaba, mama," akasema. "Nilikuzika. Ni mimi niliyesema, na mimi ndiye niliyeanza. Nisamehe, mwanangu. Mama yako yuko ndani. Nipe huyo mtoto nikushikie, umechoka."

Otilia hakusogea. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, anangoja sehemu ya pili, maana alikuwa anajua kwa baba yake huwa kuna sehemu ya pili. Haikuja. Mzee alikuwa amenyoosha mikono tu.

Sasa nisikilizeni hapa. Yule dereva wa bodaboda alikuwa bado yuko getini. Hakuzima pikipiki. Unajua kwa nini? Kwa sababu kule stendi, kabla ya kupanda, Otilia alimwambia, "Kaka, tukifika usizime. Huenda nikarudi na wewe sasa hivi." Mizigo yake yote ilikuwa bado imefungwa nyuma ya ile pikipiki. Safari yote ile na mtoto mgongoni, na miaka yote ile, na mama aliyelala ndani, vyote vilikuwa vinangoja sentensi moja ya baba.

Otilia akageuka getini, machozi yanamtoka. "Kaka," akasema, "zima. Nisaidie kushusha mizigo."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo habari yenyewe, na sasa naomba mnivumilie, nitazungumza na sisi.

Wiki hii ni Krismasi. Mabasi yamejaa, kila mtu anarudi kwao. Na nimepita kwenye nyumba zenu, nimeona. Mmepaka rangi! Kuta nyeupe, mapazia mapya, vitambaa vya makochi vimefuliwa. Hongereni, mgeni aone kwamba anatarajiwa. Mimi siwakatazi kupaka. Nawauliza tu, maji yanapita? Huyo anayekuja, akimwaga chake pale mlangoni, maana atamwaga, mtu aliyeumia hafiki mikono mitupu, kitapita au kitasimama katikati ya nyumba kinangoja cheche?

Tunayajua maneno ya wenzetu kwa moyo. Mashemeji walisema nini kwenye msiba, mama mkwe alisema nini kwenye harusi, mdogo wako alisema nini kuhusu kiwanja. Tunaimba yote bila kitabu. Sasa jaribu kukumbuka ulichosema wewe. Eeh. Kimya kimeingia kanisani, naona hata kwaya imeinama.

Na usiniambie, "Mchungaji, akifika nitajua la kufanya." Hutajua! Akisimama pale getini mimi sitakuwepo nikushike mkono. Wazee wa kanisa hawatakuwepo. Hakuna atakayekimbia na mpira wa maji. Utakuwa wewe, na neno limeshatua, na una nafasi ya pumzi moja. Yule mzee hakupata utu wema pale uani. Aliupata akiwa amepiga magoti mahali ambapo hakuna mtu, na nyundo mkononi, kabla mgeni hajafika. Tundu linatobolewa kabla. Moto ukishawaka huwezi tena kutafuta msumari.

Inauma? Inauma sana. Utaonekana mnyonge, rangi yako itabanduka, majirani watasema baba fulani siku hizi amekuwa laini. Waache waseme. Afadhali nyumba yenye mapele ambayo mtoto anaweza kutua.

Kuna mtu sasa hivi yuko njiani kuja kwako, na amemwambia dereva asizime. Huna habari naye. Amefunga mizigo yake yote na hajui kama ataishusha.

Haya, tusimame tuombe. Wote tusimame. Isipokuwa wewe mzee wangu wa pale nyuma, nimekuona umetoa simu tangu muda ule na hujaandika kitu. Kaa. Usione haya, wala usiharakishe. Mwandikie mwanao. Sisi tutakungoja.